Daftari la sadfa: jinsi ya kuzinasa, kuzipima na kuzisoma

Mnamtaja mtu, na kabla jina halijakauka midomoni huyo anabisha hodi. "Una maisha marefu wewe!" Mnacheka, mnakaribisha chai, na kesho yake hakuna anayekumbuka. Sadfa nyingi hupotea hivyo. Zile chache zinazobaki kichwani nazo hunenepa kwa kusimuliwa: nusu saa inakuwa dakika moja, na "nilimwota wiki ile" inakuwa "nilimwota usiku uleule". Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuandika. Maana itafutwe baadaye.

Daftari la kawaida la shule linatosha. Simu pia inafaa kwa kuwa inaweka muda yenyewe, mradi usirudi kurekebisha ulichoandika. Ukikumbuka jambo jipya, liongeze chini na tarehe yake. Andika siku hiyohiyo, tena kabla hujamsimulia mtu. Kila tukio liwe na mambo haya: saa ya jambo la kwanza na kilicholisababisha, saa ya jambo la pili, pengo kati yake, na nani mwingine aliyejua. Mfano:

"Jumanne, saa 2:40 asubuhi, kituo cha daladala. Nimemkumbuka mwalimu wa hisabati wa sekondari. Kilichonikumbusha: wanafunzi wenye sare kama yetu. Saa 5:15 asubuhi, ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja: mwalimu huyo anastaafu. Pengo: saa 2 na dakika 35. Sikuwa nimemwambia mtu."

Hapo neno la thamani ni "kilichonikumbusha". Shule zikiwa zimefunguliwa wiki hiyo, basi kufunguliwa kwake ndiko kulikoleta sare kituoni, na huenda ndiko kulikomfanya mtu kwenye kundi aulize habari za walimu. Matukio mawili, chanzo kimoja. Usipoandika kilichokukumbusha, chanzo hicho kitajificha milele na utabaki na muujiza usio wa kweli. Tukio likimhusu mtu mwingine, mwombe asimulie upande wake kwanza, wewe ukiwa umenyamaza. Ukitangulia, atajikuta anakumbuka ulivyokumbuka wewe.

Vyanzo vya kujificha viko vingi. Kukutana na jirani wa zamani Kariakoo siku mbili kabla ya Idi si ajabu kubwa, maana nusu ya jiji iko hapo. Katika orodha ya watu, wawili kuzaliwa 1 Januari si lazima iwe sadfa: wakimbizi wengi waliofika Marekani bila hati za kuzaliwa waliandikiwa tarehe hiyo. Tangazo la viatu kwenye simu baada ya kuvitafuta mtandaoni halistahili hata mstari mmoja.

Kisha piga hesabu, hata ya kukadiria. Chukua ile ya kumkumbuka mtu na hapohapo simu yake ikaita. Tuseme uko macho saa 14 kwa siku: hizo ni vipande 84 vya dakika kumi, yaani 588 kwa wiki. Mtu anakupigia mara moja kwa wiki, nawe humkumbuka mara mbili kwa siku, mara 14 kwa wiki. Uwezekano wa simu yake kuangukia ndani ya dakika kumi baada ya kumkumbuka ni 14 kwa 588, yaani mara moja katika wiki 42. Ni nadra. Lakini ukiwa na watu kumi wa namna hiyo, jambo litatokea kila baada ya wiki nne hivi, bila sababu yoyote. Kwa hiyo ukiliona mara moja kwa mwezi, daftari linakuambia mambo yako sawa. Likitokea mara tatu kwa wiki kwa mtu yuleyule, hapo pana jambo la kuchunguza. Pengine mna ratiba moja tu, wote mnatoka kazini saa kumi na moja.

Hesabu ya siku za kuzaliwa hushangaza zaidi: wakiwa watu 23 tu chumbani, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja ni zaidi ya nusu. Na saa ya simu? Katika saa 24 zipo dakika 1,440, na 24 kati yake hujirudia zenyewe, 11:11, 12:12 na wenzake. Ukitazama simu mara 60 kwa siku, kwa wastani utakutana na moja kila siku. Tena 11:11 yenyewe, ukiisoma kwa Kiswahili, ni saa tano na dakika kumi na moja. Mchezo umekwisha.

Matapeli wanaijua hesabu hii vizuri kuliko sisi. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauna uganga wowote. Unatumwa kwa maelfu, na katika maelfu hao hawakosi walioahidi kumtumia mtu hela siku hiyo. Wao huona umekuja wakati wake, kumbe wengine wote wameufuta bila kuuwazia.

Kosa linaloharibu madaftari mengi ni kuandika yaliyotimia peke yake. Jicho likicheza ukapata mgeni, unaandika. Likicheza ukalala njaa, kimya. Dawa yake ni kuandika kabla ya kujua matokeo. Jicho likianza kucheza, kiganja kikiwasha, ukipaliwa ukaambiwa kuna anayekutaja, weka alama na saa papo hapo. Pia amua mapema nini kitahesabika kuwa kimetimia na ndani ya muda gani: "mgeni au fedha, kabla ya kulala." Usiposema hivyo, hata shilingi mia iliyookotwa mfukoni itaitwa fedha. Jioni, andika ndiyo au hapana, hata siku ambazo jicho lilitulia.

Baada ya siku 30 chora visanduku vinne: lilicheza na ndiyo, lilicheza na hapana, lilitulia na ndiyo, lilitulia na hapana. Tuseme jicho lilicheza siku 12, na mgeni au fedha vikaja katika siku 8 kati ya hizo. Wengi huishia hapo na kushangilia. Angalia siku 18 zilizobaki: kama vilikuja siku 12, basi ni theluthi mbili huku na theluthi mbili kule. Jicho halikusema kitu. Nyumba yako tu ina wageni wengi.

Kuna pia kile alichokiita Arnold Zwicky, mwanaisimu wa Marekani, mwaka 2005, udanganyifu wa marudio: ukishajifunza neno jipya au kununua pikipiki ya rangi fulani, unaanza kuiona kila kona. Zilikuwepo, macho ndiyo yamebadilika. Kulijaribu hili ni rahisi: chagua kitu usichojali, tuseme magari ya kijani, ukitafute kwa siku tatu.

Baada ya mchujo huu zitabaki chache. Hizo ndizo za kuulizwa maana, na swali zuri ni "mbona hili limenigusa?" kabla ya "nani ameleta?" Carl Jung, daktari wa nafsi wa Uswisi, alisimulia jinsi mgonjwa wake alivyokuwa akimweleza ndoto ya mdudu wa dhahabu, mara mbawakawa mmoja mwenye mng'ao wa dhahabu na kijani akagonga dirisha. Mdudu wa aina hiyo ni wa kawaida huko, ila ujio wake ulimlegeza mgonjwa aliyekuwa amegoma kufunguka. Sadfa yako nayo ikikukumbusha mama mdogo ambaye hujampigia tangu mwaka jana, mpigie. Simu hiyo haihitaji uthibitisho. Ikikuambia uuze kiwanja, subiri, na utafute sababu nyingine za kuuza.

Kila mwisho wa wiki hesabu mistari ya sadfa, ukiacha zile alama za ndiyo na hapana. Daftari lenye mstari mmoja au miwili kwa wiki liko salama. Mistari ikianza kuwa kumi kwa siku, usingizi ukapungua, na ikaonekana redio au namba za magari zinakusemesha wewe peke yako, acha kuandika na umwone daktari. Klaus Conrad, daktari wa akili wa Ujerumani, aliieleza hali hii mwaka 1958, kwamba kuona uhusiano wenye maana kila mahali huweza kuwa mwanzo wa ugonjwa, na ugonjwa huo una matibabu. Nenda na ndugu unayemwamini, na daftari mlibebe: tarehe zilizomo zitamsaidia daktari kujua hali ilianza lini.