Somo: Kupunguza mwanga wa taa za LED kwenye gari kwa kutumia dima

Wakuu, habari zenu. Wengi tumefunga ukanda wa LED chini ya dashibodi au kwenye buti, halafu usiku mwanga unachoma macho mpaka barabara haionekani vizuri. Mara ya kwanza mimi niliunga rizista moja (kipande kinachozuia umeme) kwenye waya, nikaona mwanga umeshuka, nikafunga dashibodi nikiwa na furaha. Nusu saa barabarani, harufu ya plastiki ikaanza. Kufungua, rizista imeyeyusha koti la waya wa jirani, shaba iko nje. Tangu siku hiyo natumia dima tu, yaani kifaa cha kupunguza mwanga.

Balbu ya kawaida ukiipunguzia volti inafifia taratibu. LED si hivyo. LED nyeupe inataka volti 3 hivi, ikikosa kidogo tu inazima. Kwenye ukanda wa volti 12, LED tatu zimeungwa mfululizo pamoja na rizista ndogo: LED zinakula volti 9, rizista inabeba 3 zilizobaki. Sasa washa injini. Altaneta (jenereta ya gari) inapandisha volti hadi 14 au zaidi, LED bado zinachukua 9, rizista inabebeshwa 5, na umeme unaopita unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana kanda nyingi zinaungua mapema. Dima yenyewe hukata na kurudisha umeme mara mamia kwa sekunde. Jicho linaona mwanga umepungua, na joto nalo linashuka.

Hatua ya 1. Tafuta waya wenye umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Weka mita ya kupimia umeme kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye bodi (chuma cha gari), nyekundu kwenye waya unaoupima. Waya zenye koti la njano kwa magari mengi ni za mifuko ya hewa ya usalama. Hizo usiziguse hata kwa ncha ya mita.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya mzigo. Ukanda wa wati 14.4 kwa mita, ukiwa na mita 2, ni wati 28.8. Gawanya kwa 12, unapata ampia 2.4, injini ikiwaka inaweza kufika 4. Fyuzi ya ampia 5 na dima ya ampia 8 zinatosha. Fyuzi ikae karibu kabisa na pale unapochukulia umeme, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya.

Hatua ya 3. Toa hasi ya betri, kisha funga. Chanya inapita kwenye fyuzi, inaingia dima. Hasi ya kuingia dima inakwenda kwenye bodi, mahali ulipokwangua rangi hadi chuma king'ae. Halafu waya zote mbili za ukanda ziungwe upande wa kutokea wa dima.

Hapo kwenye "zote mbili" ndipo wengi wanapokosea. Wanaona hasi ni hasi tu, wanaifunga ya ukanda kwenye bodi. Dima nyingi hukata umeme upande wa hasi, kwa hiyo ukiipitisha kwenye bodi umeiruka dima. Taa itawaka kwa nguvu zote, utazungusha kitufe mpaka uchoke. Kabla hujasema dima ni mbovu, angalia waya huo.

Hatua ya 4. Rudisha betri, washa injini, rekebisha mwanga usiku ukiwa umeegesha. Kipimo cha mchana kitakudanganya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikirekodi video kwa simu taa zinaonekana kurukaruka. Dima ni mbovu?
Jibu: Si mbovu. Kamera inanasa ule ukataji ambao jicho halioni. Tafuta dima inayokata kwa kasi zaidi.

Swali: Madereva wananiwashia full kila usiku. Naweza kufunga dima hii kwenye taa kubwa za mbele?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Taa hizo zikiwa za LED zina kifaa chake ndani kinachoshikilia umeme usibadilike. Dima itakivuruga, na wewe utabaki huoni mbele. Pima uelekeo kwanza. Egesha pahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani: ukingo wa juu wa mwanga wa dimu (taa ya chini, si full) uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10 hivi. Kama uliweka LED kwenye nyumba ya taa iliyotengenezewa balbu ya halojeni, mwanga unatawanyika, na hapo hata uelekeo hautakuokoa. Rudisha balbu yake.

Swali: Nimebadilisha balbu za nyuma kuwa LED. Nikikanyaga breki mwanga hauongezeki.
Jibu: Usitembee nayo usiku hivyo, tafadhali. Balbu ya zamani ilikuwa na nyuzi mbili, wati 5 za taa ya nyuma na 21 za breki. Wewe umeweka LED ya nguvu moja, aliye nyuma yako hajui kama unasimama. Nunua yenye ngazi mbili, kisha mwombe mtu asimame nyuma ya gari akuangalizie ukikanyaga.