Mkopo wa mwenzi wako: angalia unasaini kama nani
Kuoana peke yake hakukufanyi mdaiwa wa mkopo aliousaini mumeo au mkeo. Ukubwa wa deni hauna hoja. Mambo hubadilika ukiweka saini yako, na hapo ndipo wengi Tabora, hasa Urambo na Nzega, huteleza. Fomu huletwa jioni, mtu anasaini bila kusoma.

Tafuta neno lililo juu ya nafasi ya saini. Likiwa “ridhaa ya mwenza”, umekubali nyumba ya familia iwekwe rehani. Likiwa “mdhamini”, hilo ni zito zaidi: mwenzi wako asipolipa, unadaiwa wewe mwenyewe, na mali iliyo kwa jina lako inaweza kuguswa. Baadhi ya fomu huunganisha yote mawili kwenye ukurasa mmoja (si bahati mbaya). Kata sehemu ya udhamini kwa kalamu kabla ya kusaini, kisha chukua nakala.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza. Ukihofia kuzungukwa, sajili zuio (ilani rasmi kwamba una haki kwenye nyumba hiyo) ofisi ya ardhi mapema. Hati kuwa na jina la mwenzi wako peke yake hakukuondolei haki hiyo.