Acha kuandika "kipande kidogo" kila mara

Ukiwa unaandika insha, hadithi au hata maelezo ya upishi, usikimbilie "kidogo" wakati kitu chenyewe kina jina lake. Mchanga, chumvi na sukari huhesabiwa kwa chembe. Mahindi na mchele ni punje, lakini punje ya mchele ikivunjika inakuwa chenga, na mpishi yeyote wa pilau atakwambia tofauti yake: chenga huiva upesi na kushikana, sufuria nzima ikageuka bokoboko. Maji yanayodondoka ni tone. Yakijaa kinywa kwa mara moja, hilo ni funda. Ugali uliofinyangwa mkononi ni tonge. Chungu kikivunjika, okota vigae. Kijiti kilichokuchoma kidoleni ulipokuwa ukichanja kuni ni kibanzi, na moto unaoruka ni cheche.

Chembe ndiyo yenye kazi nyingi kuliko zote, maana huingia hata pasipo na kitu cha kushikika: "hana chembe ya huruma", "sina chembe ya shaka". Ukiandika "hana punje ya huruma" utaeleweka, ila masikio ya wengi yatashtuka.