SOMO: Kupima unyevu wa tuta la reli kwa nyundo na jiofoni

Naandika mara moja, ili atakayeuliza tena "mashine inaonaje maji?" nimwelekeze hapa. Haioni maji. Kwa jiofoni, yaani vihisio vya mtikisiko vinavyochomekwa ardhini, inapima kasi ya mtikisiko udongoni, na udongo ukilowa au kukauka, kasi hubadilika. Reli ya zamani ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Matuta ya enzi hizo kwa kawaida ni udongo uliomwagwa tu, haukushindiliwa kwa mashine, kwa hiyo mvua ikizidi ndiyo ya kuchungwa.

1. Ruhusa ya wenye reli, na mshika bendera. Bila hivyo usikanyage.

2. Panga jiofoni 24 za hezi 4.5 (zinazosikia hata mtikisiko wa polepole), mita moja moja, sambamba na reli. Mwiba uingie udongoni, sio kwenye kokoto.

3. Gonga bamba la chuma kwa nyundo, mapigo matano kila unaposimama kugonga, mashine iyajumlishe. Treni ikija, ngoja ipite.

4. Rudi palepale. Hapa ndipo kazi za watu huharibika. Kipimo kimoja hakitoshi kukuambia unyevu: kasi ndogo yaweza kuwa maji, yaweza kuwa udongo wenyewe tifutifu. Unachotaka ni tofauti kati ya Februari, kukiwa kukavu, na mwisho wa Mei masika yakishashiba. Tofauti yenyewe ni ndogo, na jiofoni zikihama utapima kuhama kwako. Usitegemee GPS ya simu, hukosea mita kadhaa. Weka vigingi vya saruji, usawa wa ardhi. Vya chuma vitang'olewa viende kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na usiseme hukuambiwa. Nyundo ileile, bamba lilelile.

5. Mawimbi yanayopita juu juu ya ardhi yatakupa kasi ya S, yaani wimbi linalotikisa udongo kando kando, kwa kila kina. Programu hufanya.

MASWALI

Kijana wa Likoni: Nimepata 340 kila mahali. Tuta limejaa maji?

Jibu: Mita 340 kwa sekunde ni mlio wa nyundo yako hewani. Tuta bado hujalipima.

Binti Changamwe: Maalim, shikamoo. Kwa nini S, na P, wimbi la kusukuma na kuvuta, ndiyo hufika kwanza?

Jibu: Marahaba, dada. Umeuliza la maana. S haipiti majini, hufuata chembe za udongo zilivyoshikana. Mfinyanzi ukikauka, maji machache yaliyobaki huzivuta chembe zikakazana, S ikapanda. Ukilowa, zinalegea na S inashuka. P haishtuki sana mpaka matundu ya udongo yakaribie kujaa maji kabisa, ndipo inaruka kuelekea mita 1500 kwa sekunde, kasi yake majini. Kwa hiyo pima zote: P ikuonyeshe palipojaa, S ikuonyeshe palipolegea.

Fundi wa Miritini: Si mchimbe shimo tu, mbona mambo mengi?

Jibu: Shimo ni nukta moja, tena kwenye tuta la watu. Chimba moja la kulinganishia, sampuli ipelekwe maabara ipimwe unyevu. Mia hupewi ruhusa.

Binti Changamwe: Kwetu tuta lina miarobaini mikubwa. Inaharibu kipimo?

Jibu: Haiharibu, ila iandike. Mizizi hunyonya maji, S ya hapo yaweza kubaki juu wakati kwingine kumeshalegea. Na ukikatwa mti, pima tena msimu ufuatao.

Fundi wa Miritini: Haya shekhe. Na plagi za nyaya, chumvi ya bahari inazila.

Jibu: Hilo kweli. Pangusa, kausha, funga nailoni kabla ya kuweka stoo. Na kusi likivuma fukia nyaya, zikichezacheza jiofoni husikia.