Namna ya Kumsaidia Mama Anayenyonyesha Akiwa Gerezani

Titi linalonyonywa au kukamuliwa mara kwa mara huzidi kutoa maziwa, na linaloachwa limejaa kwa saa nyingi hupunguza. Kwa sababu hiyo, mkuu wa gereza anapaswa kuanza na ratiba. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, wala hangoji wafungwa wamalize kuhesabiwa. Mama apewe ruhusa ya maandishi ya kunyonyesha wakati wowote, nayo ijulikane kwa askari wa kila zamu, kwani ruhusa ya mdomo husahaulika zamu zinapobadilika.

Mahitaji mengine si makubwa: maji ya kunywa ya kutosha na chakula kinachozidi cha kawaida kwa takribani kalori 500 kwa siku. Kanuni za Bangkok kuhusu wafungwa wanawake, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinataka chakula hicho kitolewe bila malipo, na zinakataza mama anayenyonyesha kuadhibiwa kwa kutengwa peke yake.

Kazi ngumu zaidi ni pale mtoto anapolelewa nje. Hapo mama aanze kukamua mapema iwezekanavyo, angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo. Pampu si lazima, hivyo marufuku ya vifaa vya umeme haiwezi kuwa kisingizio. Mikono iliyonawiwa kwa sabuni, chombo safi chenye mfuniko na faragha vinatosha. Aweke kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini yake, nyuma kidogo ya chuchu, asukume kuelekea kifuani, kisha abane na kuachia. Chombo kiandikwe jina, tarehe na saa. Maziwa hukaa saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 ndani ya jokofu. Hata yasipoweza kumfikia mtoto, kukamua huyazuia yasikauke hadi siku ya kutembelewa, ambayo isiwe ya kutazamana kupitia kioo: mama ampakate mwanawe na kumnyonyesha.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asikatazwe kunyonyesha kwa hofu tu. Ahakikishiwe dawa zake kila siku, hata siku ya kupelekwa mahakamani, na mtoto apewe dawa kinga. Titi likiwa jekundu, gumu na lenye maumivu, huku mama ana homa, aonwe na mhudumu wa afya siku hiyohiyo, akiendelea kunyonyesha au kukamua.