SOMO: Kuchagua tairi za gari dogo kwa sisi tunaopenda kona (usianze na rimu)

Wakuu salamu. Toka niweke picha ya Swift yangu imepaki pale Soni, njia ya kupanda Lushoto, nimeulizwa mara kibao nimefunga tairi gani, sasa badala ya kujibu mmoja mmoja naandika mara moja yaishe. Gari ni Swift Sport ya zamani, ZC31S, injini 1.6, uzito tani moja na kidogo, saizi ya kiwandani 195/50R16. Ila haya yanafaa pia kwa mwenye Vitz RS, IST, Fit, Demio, hizi gari nyepesi zinazovuta kwa mbele.

Na nikisema kukimbiza simaanishi kupiga 160 kwenye barabara iliyonyooka afu uanze kumbembeleza trafiki. Naongelea Mombo kupanda Lushoto, kilomita thelathini na ushee, gia ya pili na ya tatu, kona inafuata kona, upande huu mwamba upande ule korongo. Pale hata farasi za injini huzioni sana, unachokiona ni tairi.

Hatua ya 1. Soma tairi ulizonazo
Chukua 195/50R16 84V. 195 ni upana kwa milimita, 50 ni asilimia, yani ukuta wa pembeni ni nusu ya huo upana, kwahiyo kama milimita 97 na nusu, 16 ni inchi za rimu. 84 ni namba ya uzito, maana yake kila tairi inabeba mpaka kilo 500. V ni spidi, mwisho 240 (H ni 210, T ni 190). Usishuke chini ya zile za kiwandani kwenye uzito wala spidi, hata kama hutafika huko, maana herufi ya juu mara nyingi inakuja na tairi iliyojengwa kuvumilia joto zaidi, na kona nyingi ni joto.

Hatua ya 2. Rimu iache
Hapa ndo wengi tunapigwa. Mtu ana laki kadhaa mfukoni anakimbilia rimu za 17 kwanza, hela inaisha, anafunga tairi yoyote ya bei chee ilimradi imejaa kwenye fenda. Gari linapendeza kweli ila kwenye kona limekua baya kuliko lilivyotoka Japani. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito zaidi, na ukuta ukiwa mfupi shimo moja tu linakula rimu au linatoa uvimbe pembeni ya tairi, na mashimo yetu mnayajua. Kama hela ni ya kitu kimoja weka kwenye mpira.

Ukilazimika kubadili saizi, piga hesabu ya kipenyo. Ukuta mara mbili, jumlisha rimu (inchi zidisha 25.4). 195/50R16 inatoka milimita 601, 185/60R15 inatoka 603, karibu sawa, kwahiyo kushuka kwenda 15 inawezekana kama rimu haigusi breki, na kwa barabara mbovu mimi ningeshuka bila kujiuliza mara mbili. Mkienda 195/55R16 inafika 621, hapo umezidi asilimia 3, spidomita inaanza kukudanganya na gari linakua zito kuondoka.

Hatua ya 3. Kimbia tairi za barafu
Hii niisemee kwa urefu maana ilitaka kuniua. Mwaka nilionunua gari nilifunga mtumba wa Japani, kashata (vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) zimejaa, mpira laini ukibonyeza na kucha, muuzaji ananiambia boss hii inang'ata lami mpaka utaipenda. Nikaamini, si laini bwana, laini si ndo inashika? Siku ya kwanza nashuka Lushoto manyunyu yamepita kidogo tu, nimeingia kona ya kulia kawaida kabisa, stelingi ikawa kama nimeshika uji. Mbele inakimbia nje, nakata zaidi haina habari, nikaachia mafuta nyuma nako kukaanza kutoka. Nilisimama nusu mita kutoka ukingoni. Abiria wangu alishuka akatembea kidogo kwanza, hakuongea mpaka Mombo.

Kuja kuangalia pembeni imeandikwa STUDLESS. Hizi ni za theluji. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya kuganda, sasa huku kwetu nyuzi 30 na lami imepigwa jua mchana kutwa, unakua laini kupita kiasi. Afu vile vimistari vyembamba kama vimekatwa na wembe, vimejaa juu ya kila kashata, vinafanya kashata icheze cheze, kwahiyo ukikata kona gari linajifikiria kwanza. Wajapani zikiisha nusu hazifai tena kwa theluji wanazitoa, na baadhi zinatua kwetu zikiwa bado zinaonekana nzima. Na gari likishuka bandarini limetoka huko kipindi cha baridi linaweza kuja nazo miguuni, kaangalie leo leo.

Jinsi ya kuzijua: neno STUDLESS, alama ya mlima wenye theluji ndani, na hivyo vimistari. M+S (matope na theluji) peke yake isikutishe, hata tairi nyingi za gari za juu zinayo.

Hatua ya 4. Chagua mpira
Tairi nyingi zina neno TREADWEAR na namba (za soko la Japani mara nyingi hazina). Namba ndogo mpira unashika zaidi na unaisha haraka, kubwa unadumu. Yokohama Advan Neova AD08R ni 180, hiyo ni ya watu wa mashindano wanaorudi nayo nyumbani. Michelin Pilot Sport 4 saizi nyingi ni 320, hapo ndipo penye utamu kwa mtu wa kawaida. Kuanzia 500 hivi unaongelea tairi ya kwenda kazini. Ila kiwanda kinajipimia chenyewe, kwahiyo linganisha ndani ya kampuni moja, ukilinganisha kampuni na kampuni ichukue kama fununu.

Pembeni yake kuna TRACTION, AA ndo ya juu, inafuata A, B, C. Hiyo ni kushika breki kwenye maji kwa mstari ulionyooka, haihusu kona kabisa. Hata hivyo mimi sinunui chini ya A, kwasababu nyakati nilizotishika zote zilikua kwenye mvua, hasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi, vumbi na oili vikichanganyika na maji lami inakua sabuni.

Hatua ya 5. Tarehe
Tafuta DOT, namba nne za mwisho. 3523 ni wiki ya 35 mwaka 2023. Ziko upande mmoja tu mara nyingi, kwahiyo mwambie jamaa aigeuze. Mpya dukani iliyozidi miaka mitatu naiacha.

Hatua ya 6. Kufunga
Kama kuna mshale, ufuate mzunguko wa kwenda mbele. Kama kuna OUTSIDE itazame nje. Simama hapo hapo fundi akifunga, usiende kunywa chai. Balansi, alaimenti, upepo kwa kibandiko cha mlangoni, upime asubuhi kabla gari halijatembea. Kilomita 150 za mwanzo nenda kistaarabu, tairi mpya ina utelezi wa kiwandani juu.

MASWALI YA WADAU

Vitz_Mbeya: Somo zuri mkuu. Nina hela ya tairi mbili tu kwa sasa, naweka mbele si ndiyo? Maana mbele ndo inavuta.

Jibu: Nyuma mkuu. Najua inasikika kinyume. Mbele ikiteleza unaachia mafuta mara nyingi gari linajirudi, nyuma ikitoka kwenye maji kwa 80 wengi wetu hatuna mkono wa kuirudisha. Ila za mbele nazo ziwe hai, zikifika kwenye vile vituta vya TWI (alama ya tairi kuisha) ndani ya mifereji, ni milimita 1.6 hapo, subiri upate hela ya tairi zote nne.

Mama Junior: Kaka mimi nina IST, 185/60R15, napeleka watoto shule na naenda kazini, hayo mambo ya kona sina. Nahitaji hizi za gharama?

Jibu: Hapana dada, ungetupa hela. Chukua ya kawaida ya kampuni inayoeleweka, traction A, tarehe mpya. Kitu kimoja tu nakuomba, nenda kaangalie kama zilizopo sio za theluji.

Fundi_Tegeta: Mimi napinga kidogo. Mtumba wa Japani nimefunga miaka na miaka, wateja hawajalalamika.

Jibu: Sipingi mtumba wote mzee wangu. Ya kiangazi, tarehe nzuri, ndani haina kiraka cha ajabu, haina uvimbe, poa. Shida muuzaji hakwambii ipi ni ipi.

Mombasa_Fit: Bro, naweza weka 205/50R16 kwa rimu ya 6J (upana inchi 6)? Na naitrojeni, ni ukweli ama ni biashara?

Jibu: Inakaa, kipenyo kinaongezeka chini ya asilimia 2, ila kata stelingi mpaka mwisho uangalie kama inagusa. Kwa gari jepesi upana hautakupa mengi, kwenye maji ndo unaelea mapema. Naitrojeni, upepo wa kawaida tayari asilimia 78 ni naitrojeni hiyo hiyo, nunua geji yako ya kupimia.

Kijana_Tanga: Nimepata Toyo R888R kwa bei ya kutupa, nifunge za kila siku?

Jibu: Hiyo ni ya kiwanja cha mashindano, treadwear 100, mifereji michache. Kiangazi utacheka, masika utapanda bajaji. Tuma picha ya DOT kwanza, bei ya kutupa ina sababu yake.

Kijana_Tanga: Imeandikwa 1116.

Jibu: Basi ndo sababu yenyewe hiyo. Achana nayo.