Somo: Kuongoza kikundi cha kuwasemea wafugaji wa familia

Wanachama, salamu kutoka Arusha. Somo la leo ni la mliochaguliwa kuongoza vikundi huko Monduli, Longido na kwingineko. Wenye ranchi kubwa wana wanasheria wao. Naongelea boma ambalo ng'ombe ndio ada ya shule na ndio mahari.

Hatua ya 1: dai moja. Kikao cha kwanza kitaleta kila kitu: josho bovu, lambo lililojaa tope, ushuru wa mnadani. Andikeni yote, kisha mchague moja ambalo mwenye mamlaka nalo mnamjua. Mnada wa awali uko chini ya halmashauri ya wilaya, wa upili uko chini ya wizara. Nimeona watu wakimfokea diwani kwa jambo ambalo hata yeye halimo mikononi mwake.

Hatua ya 2: malisho yaingie kwenye karatasi. Hapa ndipo penye kazi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sasa jiulizeni, siku ya mkutano huo wafugaji huwa wapi? Kiangazi wako ronjo, yaani kambi ya muda ya malisho mbali na nyumbani, na mifugo, na anayebaki kijijini ndiye anayenyoosha mkono. Ombeni kwa barua ajenda za ardhi zisubiri mifugo irudi, na nakala yenu igongwe muhuri wa mtendaji wa kijiji. Kisha daini mpango wa matumizi bora ya ardhi unaotenga malisho. Kule Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao wakayaita OLENGAPA. Ng'ombe hajui mpaka wa kijiji, na mvua nayo haiujui.

Hatua ya 3: muhtasari na hela. Mapato na matumizi yasomwe kila kikao. Basi.

Hatua ya 4: mnaotumwa ofisini. Laigwanani, kiongozi wa mila wa Wamaasai, aende, lakini asiende peke yake. Mama anayekamua ndiye anayejua maziwa yamepungua lini na ndama wangapi wamekufa. Mwacheni aseme mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Tujisajili kama nini?*
Mkiwa wa utetezi tu, Sheria ya NGO Na. 24 ya 2002 inawahusu. Mkitaka kuuza maziwa au mifugo kwa pamoja, angalieni ushirika, Sheria Na. 6 ya 2013. Kwa kuanzia, mwoneni afisa maendeleo ya jamii.

*Mwenyekiti wa kijiji ni shemeji yangu. Nitamdai vipi?*
Usimdai wewe. Katibu apeleke barua ofisini mchana, na wewe usiende kwake usiku "kuweka sawa". Wanachama wataona, na hawatasahau.

*Njia ya mifugo imelimwa. Vijana wanataka kuingiza ng'ombe shambani.*
Wazuieni leo hii. Ng'ombe wakishaingia, kesi inageuka na ninyi ndio washtakiwa. Pigeni picha, tafuteni wazee wanaoijua njia, mpeleke shauri baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Kama kijiji kina ramani ya matumizi ya ardhi, nendeni nayo.